Tetemeko likikukuta ndani ya nyumba Kongwa: ubaki au utoke?

Ardhi ikianza kutikisika huna dakika ya kufikiri. Una sekunde chache tu, na katika sekunde hizo watu wengi hufanya kitu kimoja: wanakimbilia mlangoni wote kwa pamoja.

Wakati mwingine kukimbia ni sahihi. Wakati mwingine ndiko kunakoumiza. Tofauti inatokana na nyumba uliyomo.

Ushauri unaosambaa duniani kote ni "inama, jifunike, shikilia". Ni ushauri mzuri, lakini ulitengenezwa kwa ajili ya nyumba ambazo haziporomoki kirahisi. Wilaya ya Kongwa ina nyumba za bloku zenye nondo, nyumba za tofali za kuchoma, nyumba za tofali mbichi, na tembe zenye udongo juu ya paa. Huwezi kumpa kila mtu jibu moja.

Soma makala hii ukiwa ndani ya nyumba yako, na uangalie juu na pembeni unavyosoma.

Kwa ufupi

- Nyumba imara (bloku au tofali za kuchoma, saruji, linta, paa la bati): usikimbie. Inama, jifunike, shikilia.
- Nyumba dhaifu (tofali mbichi, udongo, paa zito): kama uko karibu kabisa na mlango na nje ni uwazi, toka haraka. Kama uko mbali na mlango, jifunike palepale ulipo.
- Uko nje tayari: baki nje. Usirudi ndani kufuata kitu.
- Uko gorofani: usikimbilie ngazi wala lifti.

Kwani Dodoma kuna matetemeko?

Ndiyo. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linashuka kutoka Kenya, linapita Ziwa Natron na Ziwa Manyara, kisha linaendelea kusini kuelekea Kondoa, Dodoma na Manyoni. Wanajiolojia wamechora nyufa kadhaa kubwa za ardhi katika eneo hili, zikiwemo za Bubu, Mponde, Saranda, Bahi na Hombolo. Bahi na Hombolo siyo mbali na Kongwa kwa kipimo cha tetemeko. Mtikisiko husafiri makumi na hata mamia ya kilomita.

Novemba 4, 2002, tetemeko la ukubwa wa takriban 5.5 lilitokea kaskazini mwa Dodoma, upande wa Haneti na Itiso, na likasikika mpaka mjini.

Nje ya Dodoma historia ni ndefu zaidi. Desemba 13, 1910, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7, moja kati ya makubwa kabisa kurekodiwa barani Afrika. Julai 2007, mfululizo wa matetemeko karibu na mlima Gelai na Ol Doinyo Lengai ulisikika hadi Nairobi, watu wakatoka maofisini. Agosti 12, 2020, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam, na wakazi wa magorofa wakashuka barabarani usiku.

Hii haina maana kwamba kesho Kongwa itaanguka. Matetemeko mengi ya kwetu ni madogo, mtu anayasikia kama lori kubwa limepita barabarani pale Kibaigwa. Lakini ukanda ni ule ule, na nyumba nyingi hazikujengwa kwa kufikiria jambo hili.

Kinachoua siyo ardhi, ni nyumba

Ardhi haifunguki na kummeza mtu kama kwenye sinema. Watu huuawa na ukuta, paa, kabati, na moto unaofuata.

Mfano wa karibu ni Kagera. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa huo. Watu 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Bukoba ndiko kulikoumia zaidi. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa kwa muda. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za udongo au za tofali zisizofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege.

Kumbuka saa: alasiri, mchana kweupe. Nyumba zile zile zikianguka saa nane usiku, watu wote wakiwa wamelala, hesabu ni nyingine.

Morocco iliona hesabu hiyo. Septemba 8, 2023, saa 5:11 usiku, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga milima ya Atlas. Karibu watu 3,000 walikufa. Vijiji vingi kule vina nyumba za mawe na udongo. Nyumba ya udongo ikianguka haiachi mapango ya hewa kama zege lililovunjika vipande. Inageuka vumbi na kifusi kizito, na aliyefukiwa anakosa pumzi mapema.

Hata kwenye nchi tajiri, vitu vya ndani vinaua. Tetemeko la Kobe, Japani, la Januari 17, 1995, lilikuja alfajiri na kuua zaidi ya watu 6,400. Wengi walikutwa vitandani, wakaangukiwa na nyumba zao na samani zao.

Kwanza, ijue nyumba yako

Angalia ulipo sasa hivi. Nyumba yako inaangukia kundi lipi?

1. Bloku au tofali za kuchoma, na linta. Linta ni ule mkanda wa zege lenye nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Kama umezunguka nyumba nzima bila kukatika, unazifunga kuta zote nne pamoja kama mkanda wa suruali. Paa la bati ni jepesi. Hii ndiyo nyumba imara kwa makala hii.

2. Tofali za kuchoma bila linta. Kwa macho ni nyumba nzuri, imepigwa lipu na rangi. Lakini kila ukuta unasimama peke yake. Sehemu mbaya zaidi ni pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa upande wa mbele na wa nyuma, kwa sababu hiyo huangukia nje. Mtu anayekimbia nje na kusimama chini yake amejiweka palepale tofali zinapotua. Katika nyumba ya aina hii jifunike kwanza. Kimbia ikiwa tu uko mlangoni na mlango hauko chini ya pembetatu hiyo.

3. Tofali mbichi. Zinabeba uzito vizuri zikiwa zimetulia. Zikitikiswa kwenda kushoto na kulia hazina nguvu. Kona zinaachana, kisha ukuta mzima unalala. Zikiwa zimelowa na mvua chini karibu na msingi, ni mbaya zaidi.

4. Tembe. Tembe la asili la Kigogo lina jambo moja jema: kuta zake ni miti iliyofungwa na kukandikwa, kwa hiyo hunyumbuka kidogo, na paa hubebwa na nguzo. Tatizo liko juu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye udongo wa sentimita 20 juu ya paa. Hiyo ni mita za ujazo 2.4 za udongo, yaani zaidi ya tani tatu juu ya vichwa vya waliolala. Mvua ikinyesha uzito unaongezeka. Bati za chumba hicho hicho zenyewe hazifiki kilo mia.

Kinachoamua tembe litasimama au la ni nguzo. Nguzo iliyoliwa na mchwa kwa ndani inaonekana nzima kwa nje. Igonge kwa fimbo. Ikitoa sauti ya uwazi, au ukichoma msumari ukaingia kirahisi, nguzo hiyo imeshakwisha kazi.

Ukiwa kwenye nyumba imara: usikimbie

Watu wengi huumia wakiwa njiani, siyo wakiwa wametulia. Sakafu inacheza, vioo vinamwagika, na mlangoni ndipo watu wanapokanyagana. Fanya hivi:

Inama. Piga magoti na uweke mikono chini kabla mtikisiko haujakuangusha. Ukiwa chini unaweza bado kutambaa.

Jifunike. Ingia chini ya meza imara. Kama meza haipo, na meza za sebuleni nyingi ni fupi, tambaa hadi kwenye ukuta wa ndani ambao hauna dirisha wala kabati. Kunja mwili, weka mikono yako juu ya kichwa na shingo. Mto wa kochi au beseni la plastiki juu ya kichwa ni bora kuliko kukosa kabisa.

Shikilia. Shika mguu wa meza. Meza inatembea, na wewe tembea nayo. Baki hapo mpaka mtikisiko uishe kabisa. Mara nyingi ni chini ya dakika moja, ingawa utaiona ndefu.

Kaa mbali na vitu hivi: dirisha, kabati la vyombo, friji, luninga iliyowekwa juu, kioo cha ukutani, na feni ya dari.

Ukiwa jikoni, zima jiko kama mkono wako uko palepale. Kama siyo, ondoka kwanza kwenye sufuria yenye maji ya moto au mafuta. Moto utashughulikiwa mtikisiko ukiisha.

Ukiwa kwenye tembe au nyumba ya tofali mbichi

Hapa ushauri unabadilika. Wataalamu wa usalama wa matetemeko wanakubali kwamba kujificha chini ya meza hakusaidii sana kama kinachokuja ni tani za udongo. Kwa nyumba ya namna hii, ya chini, yenye mlango unaofungukia uwanjani, kutoka ni sahihi, lakini kwa masharti matatu yote kwa pamoja:

1. Uko karibu na mlango, hatua chache tu.
2. Mlango uko wazi au unafunguka kwa mkono mmoja, bila kutafuta funguo.
3. Nje kuna uwanja, siyo ukuta mwingine, mnara wa simtanki au nguzo ya umeme.

Jipime leo. Lala au kaa mahali unapokuwa mara nyingi, kisha nyanyuka uende uwanjani kwa mwendo wa kawaida wa haraka. Tumia simu kuhesabu. Ukifika nje ndani ya sekunde tano hivi, mpango wako uwe kutoka. Ukizidi hapo, mpango wako uwe kujifunika.

Ukitoka, usisimame mlangoni. Mbele ya mlango ndiko kuta zinakolalia. Nenda umbali usiopungua urefu wa ukuta, na ikiwezekana mara mbili yake, kisha chuchumaa na ufunike kichwa.

Ukishindwa kutoka, jibane pembeni ya kitu kilicho imara na kifupi: kitanda cha mbao ngumu, au meza nzito. Kama unaweza kuingia chini yake, ingia. Fumba macho, funika mdomo na pua kwa kanga, shati au shuka. Vumbi la udongo ndilo linaloziba pumzi kwanza.

Mara nyingi mtikisiko wa kwanza ni mdogo, kama mguno chini ya ardhi, na mkubwa unakuja sekunde chache baadaye. Ule mdogo ndiyo nafasi yako. Usiutumie kuulizana "umesikia?"

Likija usiku

Kwa nyumba imara: baki kitandani. Lala kifudifudi, weka mto juu ya kichwa na shingo, shika kitanda. Ukishuka gizani utakanyaga vioo na kujikwaa kwenye chandarua.

Kwa nyumba dhaifu: kanuni ni ile ile ya sekunde tano, lakini iandae kabla hujalala. Njia kati ya kitanda na mlango iwe tupu. Baiskeli, ndoo na magunia visilale mlangoni. Mlango ufungwe kwa komeo la ndani linalofunguka kwa kusukuma, siyo kufuli ambalo funguo yake imewekwa kwenye mfuko wa suruali iliyotundikwa.

Wanaolala mbali na mlango mara nyingi ni watoto. Kama nyumba ina vyumba viwili na kimoja kina kuta zilizopasuka, watoto walale kwenye kile kingine. Ni uamuzi usiogharimu hata shilingi.

Usiwashe kibiriti wala mshumaa baada ya mtikisiko. Mtungi wa gesi unaweza kuwa umeanguka na unavuja. Tumia tochi ya simu.

Shuleni, ghalani, ibadani na gorofani

Darasani. Hatari kubwa ni mlango mmoja na wanafunzi wengi. Mwalimu akipiga kelele "tokeni!", walio nyuma watawakanyaga walio mbele. Kama jengo ni imara, wanafunzi waingie chini ya madawati, wafunike vichwa, wasubiri, kisha watoke kwa mistari. Kama darasa limepasuka au ni la tofali mbichi, walimu wapange mapema: walio karibu na mlango watoke, walio mbali wajifunike. Zoezi moja kwa muhula linatosha watoto kukumbuka.

Ghalani. Kibaigwa ni soko la mahindi linalojulikana nchi nzima, na nyumba nyingi za wilaya hii zina magunia ndani. Gunia moja la kilo 100 likidondoka kutoka juu ya rundo linavunja mgongo. Panga magunia kwa kupishana kama tofali, rundo lisizidi kimo cha mtu, na usiweke kitanda chini yake. Ukiwa ghalani ardhi ikitikisika, toka kati ya marundo mawili. Ujia ule mwembamba ndiko yanakoangukia.

Kanisani au msikitini. Majengo haya yana kuta ndefu na nafasi kubwa bila nguzo za kati. Inama kati ya mabenchi au mbele ya ulipokaa, funika kichwa, usiende mlangoni na umati. Kaa mbali na mnara.

Gorofani Dodoma mjini. Wengi wa Kongwa wanafanya kazi au kusoma jijini, na magorofa yanaongezeka tangu serikali ihamie. Ukiwa juu, usikimbilie ngazi: ngazi ni sehemu inayoweza kuvunjika mapema, na ndipo watu wanapoanguka. Usitumie lifti. Jengo la ghorofa hucheza kwa makusudi, hiyo ni kawaida yake. Subiri liishe, kisha shuka kwa miguu.

Hospitalini. Mgonjwa asiyeweza kushuka kitandani abaki, afunikwe mto kichwani. Anayemuuguza ajikunje kando ya kitanda, mbali na dirisha na stendi ya dripu.

Mtoto, mjamzito, mzee, mwenye ulemavu

Mwenye mtoto mgongoni asipoteze muda kumfungua. Piga magoti, inama mbele, peleka mikono nyuma umkinge kichwa. Kama amembeba kifuani, mwili wa mama uwe paa.

Mjamzito asijilaze kwa tumbo. Akae chini kwa ubavu au apige magoti karibu na ukuta wa ndani, afunike kichwa.

Mzee asiyeweza kuchuchumaa akae kwenye kiti au ukingo wa kitanda, ainame mbele, mikono kichwani. Anayetumia kiti cha magurudumu afunge breki, ainame, afunike kichwa na shingo.

Babu au bibi anayelala peke yake kwenye tembe la zamani nyuma ya nyumba mpya ndiye wa kufikiriwa kwanza. Mara nyingi familia imehamia kwenye nyumba ya bati, yeye amebaki kwa sababu tembe ni la ubaridi mchana na joto usiku. Kama hataki kuhama, angalau nguzo zikaguliwe na kitanda chake kisogezwe karibu na mlango.

Yanayosemwa mtaani

"Simama kwenye fremu ya mlango." Hapana. Katika nyumba za sasa fremu haina nguvu kuliko ukuta, mlango wenyewe unakugonga, na unawazibia wengine njia.

"Lala kando ya gari au friji, utapata pembetatu ya uhai." Mashirika ya uokoaji yaliyochunguza dai hili hayalipendekezi kwa majengo imara. Friji na kabati hutembea na kuanguka, huwezi kujua upande gani.

"Wataalamu wametangaza litarudi saa tisa usiku." Hakuna chombo duniani kinachoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Ujumbe wa sauti wa aina hiyo huzunguka WhatsApp baada ya karibu kila mtikisiko. Ukiupata, ufute. Taarifa za matetemeko Tanzania zinatolewa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST), yenye makao yake Dodoma.

"Lilikuwa 4.9, karibu sawa na 5.9." Siyo sawa. Kila ukipanda namba moja, nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32.

Mtikisiko ukiisha

Usikimbie. Angalia juu kwanza, kisha pembeni, kisha vaa viatu. Vioo na misumari vinaumiza watu wengi baada ya hatari kupita.

Zima jiko, funga mtungi wa gesi, zima swichi kuu ya umeme. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote: fungua madirisha na utoke.

Toka nje kwa utulivu na usogee mbali na kuta, nguzo za umeme na mnara wa simtanki. Simtanki ya lita 2,000 ikijaa ina tani mbili za maji. Kama imesimama juu ya nguzo za tofali, usikae kivulini kwake. Kama bati lako limezuiwa na mawe au tairi kwa sababu ya upepo wa Kongwa, kumbuka nayo yanaweza kuporomoka.

Tarajia mitikisiko mingine midogo, saa au siku kadhaa baadaye. Huwa ni midogo kuliko ya kwanza, lakini inakutana na ukuta ambao tayari umechoka.

Ufa upi ni wa kuogopa? Ufa mwembamba kwenye lipu peke yake siyo wa kukulaza nje. Ogopa ufa unaopita kama ngazi kwenye tofali, ufa unaoonyesha mwanga upande wa pili, kona za kuta zilizoachana, ukuta ulioinama, na mlango ambao ghafla haufungi. Ukiona kimojawapo, usilale humo. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na muombe fundi anayeaminika au mhandisi wa wilaya aangalie.

Umefukiwa? Usiwashe moto. Usipige kelele mfululizo, utavuta vumbi na kuchoka. Gonga bomba, bati au jiwe mara tatu, nyamaza, rudia. Simu ikiwa mkononi, punguza mwanga na tuma ujumbe mfupi wa mahali ulipo.

Jirani amefukiwa? Piga simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji, au 112 ya Polisi. Wakati unasubiri, nyamazisheni watu ili msikie sauti chini. Ondoeni kifusi kwa mikono, kuanzia juu, tofali moja moja. Usiingize trekta wala usivute boriti usilojua limebeba nini.

Simu yako ni kifaa cha uokoaji

Baada ya mtikisiko kila mtu anapiga simu na mtandao unajaa. Tuma ujumbe mfupi: "Niko salama, niko uwanjani shuleni." Hupita kirahisi kuliko simu. Usimalize chaji kwa kurekodi video ya ufa.

Kubalianeni leo sehemu moja ya kukutana: uwanja wa shule, mti fulani, uwanja wa mpira. Na mtu mmoja nje ya wilaya, labda shangazi wa Morogoro au kaka wa Dar, ambaye wote mtamtumia ujumbe.

Mambo ya kufanya Jumamosi hii

- Sogeza kitanda mbali na dirisha, kabati na magunia.
- Funga kabati la vyombo ukutani kwa waya au kipande cha chuma na skrubu.
- Shusha vitu vizito kutoka juu ya kabati: begi, redio, ndoo.
- Funga mtungi wa gesi kwa mnyororo au kamba ukutani.
- Gonga nguzo za tembe, badilisha zilizoliwa na mchwa.
- Punguza udongo wa ziada uliorundikwa paani miaka na miaka.
- Weka viatu na tochi kando ya kitanda.
- Fanya zoezi la sekunde tano na watoto. Watalichukulia kama mchezo, na ndivyo inavyotakiwa.

Unajenga? Mwambie fundi haya

Pesa ikiwa ndogo, usiimalizie kwenye lipu na rangi. Weka linta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, yenye nondo zilizofungwa vizuri kwenye kona. Usitoboe dirisha karibu kabisa na kona. Funga kenchi za paa kwenye linta kwa nondo au waya nene. Ile pembetatu ya juu ijengwe fupi, au iwekwe bati badala ya tofali.

Anayejenga kwa tofali mbichi naye anaweza kupunguza hatari: kuta zisiwe ndefu, milango na madirisha yawe madogo, msingi upande juu ili maji yasile chini, na paa liwe jepesi.

Kwa mpangaji, muulize mwenye nyumba swali moja kabla ya kulipa kodi: "Hii nyumba ina linta inayozunguka?" Kama hajui, angalia kona za kuta ndani na nje. Ufa wa kona utakujibu.